Krisantemi zimechanua zikiwa fupi, au zimegoma kabisa? Tafuta tatizo usiku kwanza (Arusha na Moshi)

Kabla hujakimbilia duka la pembejeo kununua busta ya kuchanulisha, toka nje saa tatu usiku, zima taa zako zote, kasimame katikati ya matuta uangalie kuna giza la namna gani. Kama unaweza kutofautisha rangi ya majani, au ukigeuka unakiona kivuli chako mwenyewe, basi nusu ya jibu unayo na hujatoa hata mia. Krisantemi haichanui kwa sababu imeshiba, inachanua kwa sababu usiku umekuwa mrefu wa kutosha na haujakatizwa. Mbolea, maji, joto na wadudu vyote vina sehemu yao na ntavifikia, ila mtu akinipigia simu kwamba maua yamemgomea au yamechanua yakiwa urefu wa kiganja, mi naanza na usiku, na mara nyingi wala sifiki kwenye mbolea.

Hii sio imani yangu. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, walitoa matokeo yao ya tumbaku moja iliyokuwa inaitwa Maryland Mammoth, ilikuwa inarefuka tu kiangazi chote bila kutoa ua, wakaanza kuifungia kwenye giza mapema kila jioni, ikachanua. Baadaye, 1938, Hamner na Bonner wakaonyesha kwa mmea mwingine kwamba kinachopimwa hasa ni giza, ukiwasha taa muda mfupi katikati ya usiku mrefu mmea unaona kama usiku ulikuwa mfupi. Kila kitu utakachofanya kwenye krisantemi kinatoka hapo.

Sasa tuje kwetu. Arusha na Moshi tuko kama nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, kwahiyo mchana wetu haubadiliki kivile, Juni ni kama saa 11 na dakika 55, Desemba ni kama saa 12 na dakika 20, tofauti haifiki hata nusu saa. Ongeza ule mwangaza wa alfajiri na wa magharibi, bado ni kama saa 13 hivi. Krisantemi nyingi za biashara zinaanza kutengeneza ua mchana ukiwa chini ya saa 14 na nusu hivi, na zinalikuza lile ua vizuri ukiwa chini ya saa 13 na nusu. Fanya hesabu mwenyewe: kwetu hakuna usiku hata mmoja kwa mwaka mzima ambao sio usiku wa kuchanua. Mzungu wa Uholanzi anahangaika na mapazia meusi kiangazi ili apate giza, sisi tunahangaika na taa ili tulizuie. Kwahiyo zile video za Waingereza za "panda mwezi wa tano uvune mwezi wa kumi" ziangalie kwa raha zako tu, kalenda yao sio yetu.

Na najua kuna mtu anataka kuniuliza kuhusu bangi, maana kila nikieleza hii habari lazima kijana mmoja acheke halafu aulize. Ndio, na yenyewe ni mmea wa usiku mrefu, aina nyingi zinaongozwa na giza vilevile. Ila kwa Tanzania kilimo chake ni kosa kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015 na watu wa Arumeru hawahitaji kusimuliwa mashamba yanavyofyekwa na kuchomwa, kwahiyo mimi nabaki na maua ya harusi na misiba.

Imechanua ikiwa fupi

Hili ndio tatizo namba moja kwa anayeanza. Umepanda, baada ya wiki chache mmea uko sentimita 20 au 25 na una vitumba tayari, unafurahi, halafu unapeleka kwa mama anayepamba kanisa anakwambia mdogo wangu hizi ntazishika na nini? Soko la maua ya kukata linataka shina refu, sentimita 70 kwenda juu ndio watu wanakuelewa.

Sababu ya kwanza ni kwamba hukuwasha taa kabisa. Mche mdogo ukipandwa hapa kwetu bila taa unaanza kujiandaa kuchanua karibu mara tu unaposhika mizizi, kwa sababu kila usiku unaambiwa ni wakati. Hakuna mbolea ya kukuzia itakayoshinda hiyo amri, utamwaga CAN (mbolea ya naitrojeni) mpaka majani yawe meusi na shina litabaki palepale. Dawa yake ni kuvunja usiku: unawasha taa saa nne usiku mpaka saa nane usiku, kila siku, kuanzia siku unapanda mpaka mmea ufike kama sentimita 30 hadi 40 kutegemea aina, ndio unazima. Baada ya kuzima mmea haukomi kurefuka, unaendelea mpaka vitumba vitokee, kwahiyo usisubiri ufike 70 ndio uzime, utapata miti.

Sababu ya pili taa zipo ila hazitoshi. Hapa watu wengi wanajidanganya kwa macho, jicho la binadamu likizoea giza taa ndogo inaonekana mchana. Unahitaji kama lux 100 (lux ni kipimo cha mwanga) pale kwenye ncha ya mmea, ikishuka sana chini ya 70 unaanza kucheza kamari na baadhi ya aina. Programu za bure za simu za kupima mwanga sio sahihi sana ila zinatosha kukuonyesha kwamba chini ya taa una 110 na pembeni mwa tuta una 20, na hiyo ndio picha unayoitaka. Kama mimea ya katikati ni mirefu na ya pembeni imechanua mapema, usipoteze muda kutafuta ugonjwa.

Sababu ya tatu ni umeme kukatika. Usiku mmoja mara nyingi hauleti balaa, lakini usiku kadhaa mfululizo bila taa mmea unaanza kutengeneza ua, na ukishaanza huwezi kuurudisha ukawa kama hakuna kilichotokea, hata ukiwasha taa tena kinachotoka ni kitu cha katikati ambacho ntakielezea huko chini. Na hapa kuna mtego wa taima. Zile taima za kuzungusha, zisizo na betri ndani, umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu nayo inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia, kwahiyo baada ya wiki mbili za katakata yetu taa zako zinawaka alfajiri au saa kumi jioni jua likiwa bado juu, na we umelala unajua mambo ni fresh. Nunua yenye betri ya akiba au pita ukaiangalie mara mbili kwa wiki, tena usiku wenyewe, sio kuuliza kijana wa shamba "taa zinawaka?" maana jibu litakuwa zinawaka.

Sababu ya nne ndio wengi hawaijui, na kwangu mimi ndio inayouma zaidi kwa sababu taa zako zinaweza kuwa sawa kabisa: miche ilikuwa na ua ndani kabla hujainunua. Mtu anakata vipandikizi kwenye bustani ya jirani pale Njiro, au anachukua mashina yaliyobaki kwenye mapambo ya sendofu, anachomeka kwenye mchanga, zinatoa mizizi, anafurahi. Lakini lile shina lilishaamriwa kuchanua zamani. Mashina mama, yaani yale yanayokatwa vipandikizi, lazima yalale chini ya taa kila usiku wa maisha yake, na hata hivyo yakizeeka sana yanaanza kutoa vitumba vyenyewe, ndio maana wazalishaji wa kweli wanayang'oa na kuyabadilisha mara kwa mara. Ukienda kununua miche usiulize bei kwanza, omba uonyeshwe mama zake, tena ikiwezekana jioni, uone kama kuna taa juu yake. Muuzaji akianza kuzunguka, ondoka. Ukifika nyumbani pasua ncha ya mche mmoja kwa wembe uangalie na lenzi, kama katikati pameanza kuvimba kadonge badala ya vijani vidogo vilivyojikunja, huo mzigo ni wa kurudisha.

Imerefuka, majani mazuri, hakuna kitumba

Hii ni kinyume, na kwetu ni ya ajabu kidogo kwa sababu kama nilivyosema usiku wetu wote unatosha. Kwahiyo kama umezima taa na wiki nne zimepita hujaona kitumba hata kimoja (kwa kawaida wiki ya tatu hivi vinaonekana kwa macho), kuna mwanga unatoka mahali, au kuna joto.

Mwanga wa kuiba ni mtihani kwa sababu sio wako. Taa ya barabarani. Taa ya ulinzi ya jirani, hizi za LED za wati 50 ambazo siku hizi kila geti linayo, Moshono huko na Sakina ukipita usiku ni kama uwanja wa mpira. Taa ya kibanda cha mlinzi ambayo wewe mwenyewe umeifunga. Taa ya ukumbi wa harusi upande wa pili wa barabara inayowaka Ijumaa na Jumamosi tu, hii inakuchanganya kweli maana ukitoka kuangalia Jumanne kuna giza safi. Mwanga mdogo sana wa lux chache tu unatosha kuchelewesha baadhi ya aina kama unawaka usiku kucha, hauhitaji kufika zile 100 za kuzuia kabisa. Taa za gari zinazopita sekunde mbili sijawahi kuzihofia. Mwezi pia, kuna wazee wanasema mwezi mpevu unazuia maua, mwezi mpevu kabisa haufiki hata nusu lux, muache mwezi.

Jinsi ya kuhakikisha bila kubishana na jirani kabla ya wakati: chukua mimea mitano sita upande unaoushuku, ifunike na kitambaa cheusi kizito kilichoshikiliwa na fito, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa moja asubuhi, kila siku bila kuruka, wiki tatu. Usifunike jua likiwa bado linachoma maana joto la chini ya kitambaa lenyewe linachelewesha ua na utajipa jibu la uongo. Kama zile zilizofunikwa zimetoa vitumba na majirani zake hazijatoa, una ushahidi, sasa nenda kwa jirani na mche mmoja wa kila aina mkononi umuombe ainamishe taa au aweke ya sensa. Watu wengi ni waelewa ukiwaonyesha kitu. Akikataa, panda ua refu wa matete au hamishia krisantemi upande mwingine na hapo weka kitu kisichojali usiku, waridi kwa mfano.

Joto sasa. Hapa ndio Arusha na Moshi tunaachana. Arusha mjini uko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 1000, na kuanzia Januari mpaka Machi kabla ya masika Moshi ya chini usiku hauishi joto. Krisantemi inapenda usiku wa nyuzi 16 mpaka 18 hivi kutengeneza ua. Mchana ukipita 30 na usiku nao ukagoma kupoa, kitumba kinachelewa, wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na giza lako likiwa safi kabisa. Mtu wa Kibosho au Machame juu hana hii shida, mtu wa Soweto ya Moshi au kuelekea mashamba ya miwa ya TPC anayo. Unaweza kuweka neti ya kivuli mchana wa jua kali, kumwagilia jioni kupoza udongo, ila kwa maoni yangu kama uko chini kule panga tu kupanda ili kipindi cha kutengeneza vitumba kiangukie Mei mpaka Agosti, na uchague aina zilizotangazwa kuvumilia joto. Baridi nayo inachelewesha, Julai ya Ngaramtoni sio mchezo, ila baridi inachelewesha kwa utaratibu unaoweza kuupangia, joto linaharibu na umbo.

Halafu naitrojeni. Ndio, ikizidi mmea unakuwa wa majani, laini, mweusi, na ua linachelewa kidogo na likija halidumu kwenye chombo cha maua. Ukizima taa punguza CAN na yurea, potasiamu isipungue, vitumba vikianza kuonyesha rangi acha kabisa naitrojeni. Lakini naitrojeni peke yake kuzuia maua kabisa kwa krisantemi hapa kwetu, sijaiona. Mtu akikuuzia chupa yenye picha ya ua na kukwambia ndio itakayofungua vitumba, muulize inafanyaje kazi kama taa ya jirani bado inawaka.

Tuta moja, nusu imechanua nusu bado

Chora ramani. Kweli, chukua karatasi chora tuta na uweke alama kila mmea ulipo na hatua yake, kwa sababu mpangilio ndio unaokupa jibu. Kama zilizochelewa zimekaa kama duara au pembetatu upande mmoja, fuata ncha ya hiyo pembetatu utakuta taa. Kama zimechanua mapema ukingoni mwa tuta lote, taa zako za kuvunja usiku hazikufika ukingoni. Kama kuna kipande katikati kimewahi, taa moja iliungua na hakuna aliyeona. Kama zimechanganyikana ovyo bila mpangilio, hapo ni miche, umeuziwa aina mbili au mashina mama ya umri tofauti. Aina zinatofautiana, kuna inayochukua wiki 7 kutoka kuzima taa mpaka kukata na kuna ya wiki 10, ukichanganya kwenye tuta moja hata ufanye kila kitu sawa zitatoka nusu nusu.

Kitumba kimetoka halafu kimesimama

Hiki ndio kile kitu cha katikati nilichosema. Kwenye ncha kuna kitumba kimoja kikubwa, kigumu, kimezungukwa na majani membamba marefu kama tepe ambayo hayafanani na majani mengine ya mmea, na chini yake vichipukizi vya pembeni vinakua vinakipita. Hakifunguki au kikifunguka ua lina kasoro. Maana yake mmea ulipewa amri mbili: ulianza kutengeneza ua, kisha ukaambiwa usiku umekuwa mfupi tena. Rudi nyuma wiki tatu nne kwenye kumbukumbu zako, utakuta ama umeme ulikatika siku kadhaa wakati wa taa kisha ukarudi, ama ulizima taa vizuri halafu mtu akafunga taa mpya ya ulinzi, ama uliacha taa muda mrefu mno mpaka mmea ukazeeka ukaamua wenyewe. Kumbuka pia zile namba mbili za mwanzo (saa 14 na nusu na saa 13 na nusu), kuanza ua kunahitaji giza kidogo kuliko kulikuza, kwahiyo mwanga wa kuiba mdogo unaweza kuruhusu kitumba kitokee na bado ukakizuia kukua. Watu wanashangaa sana hapo, "mbona kimetoka?"

Cha kufanya: kata hiyo ncha chini ya yale majani ya tepe, acha vichipukizi viwili vitatu vya pembeni, hakikisha giza ni giza kweli, na vitachanua kama sprei, yaani maua kadhaa madogo kwenye shina moja. Hautapata ua kubwa moja la shina moja ulilokuwa unalitaka ila utapata kitu cha kuuza.

Mengine ya haraka

Nyeupe imetoka na upinki pembeni: ni baridi, ua liko sawa, uza kama lilivyo kuna wanaolipenda. Pinki au shaba imepauka: joto. Petali zimekwaruzwa na zina michirizi ya kahawia kabla hazijafunguka: thripsi (vidudu vidogo sana), pigapiga ua juu ya karatasi nyeupe uone vinavyotembea. Petali zinaoza zikiwa na ukungu wa kijivu wakati wa masika: hewa haipiti, umepanda karibu mno na unamwagilia kutoka juu jioni, acha. Madoa ya njano juu ya jani na chini yake vipele vyeupe vyenye upinki kwa mbali ni kutu nyeupe, ng'oa na choma, usiweke kwenye mboji, na usichukue miche tena kwa huyo mtu.

Ncha za majani kuungua ni swali la Arusha kweli kwa sababu maji yetu mengi ya upande wa Meru yana floridi, ileile inayotupa meno ya kahawia. Gladiolasi ndio inaonyesha haraka, ncha zinakauka kabisa. Kwa krisantemi nisingeanza na floridi, ningeangalia kwanza chumvi ya mbolea iliyolundikana na udongo kukauka kupita kiasi. Na kwa vyovyote haihusiani na kuchanua au kutochanua.

Hesabu ya taa, maana watu wanaogopa bili

Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 20, taa za LED za wati 9 nyeupe ya kawaida, zitundike mita 1.5 juu ya ncha za mimea na uzipandishe kadiri inavyokua, nafasi mita 2, ni taa 10. Wati 90 kwa saa nne ni uniti 0.36 za luku kwa usiku, kwa wiki nne uniti 10 tu. Ukiziwasha kwa vipindi, dakika 10 zinawaka dakika 20 zinazima ndani ya zile saa nne, inashuka mpaka theluthi yake na kwa aina nyingi inafanya kazi, ila unahitaji taima ya kielektroniki yenye hatua nyingi. Hiyo ya vipindi ndio inayofanya sola iwezekane: ni kama wati-saa 120 kwa usiku, na hata ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, betri ya volti 12 ya ampea-saa 50 inaimudu bila kuishusha chini ya nusu. Kwa saa nne mfululizo hiyo betri utaiua mapema. Taa nyekundu ndio zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa wati chache, nyeupe yenye rangi ya joto inafuata, za bluu kama za baa achana nazo. Na mwambie fundi aweke soketi za nje zenye mpira, nimeshaona za ndani zinajaa maji mvua ya kwanza tu na zinakata saketi nzima.

Na wale wa mbaazi

Wananiuliza pia, kwahiyo nimalizie hapo. Mbaazi ni mmea wa usiku mrefu vilevile, ila kwa zile za muda mrefu tunazochanganya na mahindi huku kaskazini kinachosumbua mara nyingi ni joto zaidi ya mwanga. Hizo zimezoea miinuko ya kati na zinachanua haraka usiku ukipoa, nyuzi 18 za wastani zinazifaa. Mtu wa Himo au Moshi ya chini anachukua mbegu nzuri kutoka Babati au Karatu, anapanda, zinarefuka zinakuwa kichaka, mahindi yameshavunwa zamani mbaazi bado zinatoa majani tu, anasema amelaaniwa. Hajalaaniwa, mbegu inasubiri baridi ambayo kule chini inakuja kwa kuchelewa na haikai. Suluhisho sio dawa, ni kutafuta mbegu ya muda wa kati au mfupi kwa maeneo ya chini, kituo cha utafiti cha Selian pale Arusha kinashughulika na mikunde, kaulize kabla mvua hazijaanza. Na kama ni mistari miwili mitatu tu karibu na nyumba ndio haitoi maua wakati shamba lingine lote limechanua, basi rudi kule juu, toka nje saa tatu usiku uangalie taa ya veranda.